Mvua ya Tindikali, Magadi, na Miti Iliyokufa Lerai

Makala haya tunayaandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwafahamisha wasomaji wetu, hasa vijana, jambo ambalo siku hizi latajwa sana na kufahamika kidogo, nalo ni mvua ya tindikali. Ya pili ni kusahihisha kosa. Na kosa hilo ni letu wenyewe, wala hatuna wa kumsingizia.

Miaka michache iliyopita, baada ya Sikukuu ya Idi, tuliwachukua wanafunzi wetu wa madrasa kutoka Karatu, tukapita nao lango la Lodoare, tukapanda msituni hata ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kisha tukateremka chini. Msomaji ambaye hajapata kufika na afikirie bakuli kubwa la ardhi, kuta zake zikipanda kiasi cha mita 600, na sakafu yake ikienea kilomita za mraba zipatazo 260. Humo mna nyasi, mna ziwa la magadi, mna vinamasi vyenye viboko, na upande wa kusini mna msitu mdogo uitwao Lerai. Jina hilo ni la Kimasai, nalo ni jina la mti wenyewe: ile migunga mirefu yenye gome la manjano, inayong'aa jua lipigapo kana kwamba imepakwa rangi.

Tulipofika Lerai watoto walinyamaza. Palikuwa na miti hai, naam, lakini kando yake palisimama magogo makavu, meupe kama mifupa, mengine yameanguka yakilaliana. Kijana mmoja wa umri wa miaka kumi na miwili akatuuliza, "Maalim, miti hii imeuawa na nini?" Nasi pasipo hata kumeza mate tukamjibu, "Mvua ya tindikali, mwanangu. Moshi wa viwanda vya Ulaya umetufikia." Habari za mvua hiyo tulikuwa tumezisikia redioni siku chache kabla. Mwalimu akiulizwa mbele ya wanafunzi arobaini, neno "sijui" huwa zito kuliko gunia la mahindi.

Wanafunzi wakarudi majumbani, na neno likarudi pamoja nao. Baada ya miezi kadhaa tulikuwa tukipita kando ya kijito kilicho chini ya shamba la jirani yetu mmoja, mzee wa heshima, tukakuta miti mikubwa saba ya ukingoni imekatwa na kupasuliwa mbao. Tulipomwamkia na kumwuliza, akasema, "Shikamoo yako nimeipokea, Maalim. Lakini miti si wewe uliyeihukumu? Mjukuu wangu amekuja akasema kuwa Maalim amewafundisha kwamba mvua ya siku hizi ni sumu, na miti yote itakauka. Nikaona heri niipasue kabla haijaoza." Hatukupata la kumjibu.

Ijumaa iliyofuata tulimweleza kisa hicho bwana mmoja wa idara ya misitu ambaye husali nasi. Alicheka kwanza, kisha akasikitika, kisha akatuletea maandishi ya kusoma. Hayo tuliyoyasoma, na tuliyoyahakikisha kwa kuuliza tena na tena, ndiyo tunayoyaleta hapa.

Neno tindikali likitajwa, fikra ya wengi huenda kwenye maji makali ya betri ya gari. Lakini uchachu una daraja nyingi, na jikoni mwetu mna pande zake zote mbili. Ndimu ni chachu. Magadi, yale mama anayotia katika maharage magumu ili yalainike, ni kinyume chake. Mtoto akikamulia ndimu juu ya punje za magadi ataona povu likichemka pasipo moto. Hapo kitu kichachu na kinyume chake vimekutana na kupunguzana nguvu. Aidha, aliye na maji ya choya na ayagawe katika bilauri mbili: moja atie ndimu, ya pili atie magadi kidogo. Ya kwanza itazidi wekundu, na ya pili itageuka rangi, ikaelekea kijani au buluu iliyofifia. Wanafunzi wetu walipofanya jambo hili barazani walidhani ni kiinimacho, tukalazimika kulirudia mara nne.

Wataalamu wamekiweka kipimo cha jambo hili kutoka 0 hata 14. Katikati, yaani 7, ni maji yasiyoelemea upande wowote. Ndimu iko karibu na 2. Maji ya maziwa ya magadi hufika 10. Na kila daraja moja ni mara kumi ya jirani yake, hivyo kuteremka daraja mbili ni mara mia. Mvua iliyo safi nayo si 7, bali hukaribia 5.6, kwa kuwa inapita hewani na kunywa hewa ya ukaa, hiyo hiyo tunayoitoa vifuani mwetu. Basi uchachu mdogo ni tabia ya mvua tangu kuumbwa kwake. Huitwa mvua ya tindikali pale inapozidi hapo, ikafika 4.5 au 4 au chini yake.

Kinachoizidisha ni moshi. Makaa ya mawe yana salfa, ambayo wazee wetu waliita kibiriti upele. Yakichomwa katika tanuri kubwa, salfa hupanda angani kama hewa. Moto mkali wa mitambo na injini za magari nao hutoa hewa za naitrojeni. Hewa hizo hukutana na mvuke wa mawingu, zikageuka tindikali, zikachukuliwa na upepo mamia ya kilomita, kisha zikashuka pamoja na mvua, ukungu au theluji katika nchi ambayo pengine haina hata bomba moja la moshi. Mtu wa kwanza kuliandika jambo hili kwa makini alikuwa Robert Angus Smith, mtaalamu wa kemia wa mji wa Manchester, Uingereza, mwaka 1852. Lakini walimwengu hawakushtuka hata mwaka 1967, Svante Odén wa Sweden alipoonyesha kwamba maziwa ya kwao yalikuwa yakiharibiwa na moshi uliotoka nchi nyingine. Maelfu ya maziwa ya Sweden na Norway yalikwisha kukosa samaki, na maji yake yalikuwa maangavu ajabu, mazuri kwa kutazama.

Hapa tunataka kusimama kidogo, kwa kuwa jambo hili lilitugusa katika kazi yetu. Mtoto wa madrasa hufundishwa mapema kwamba maji ya kujitoharishia ni saba: ya mbinguni, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe. Kisha hufundishwa kuyaangalia kwa mambo matatu, rangi na ladha na harufu. Mafunzo hayo ni ya tohara, nayo ni ya haki katika mahali pake. Lakini tumewaona watu, nasi tumo, wakiyachukua wakayapeleka mahali pengine, wakadhani kwamba maji yasiyobadilika rangi wala ladha wala harufu hayawezi kudhuru kitu. Mvua ya tindikali haibadiliki rangi. Haina harufu. Ulimi hauitambui. Mtu aweza kuitawadhia na sala yake ikatimia, na maji yale yale yakiua samaki na misonobari. Kadhalika sisi wa mkoa wa Arusha tunayajua maji ya visima vyenye floridi nyingi, maangavu na matamu, ambayo mtoto akiyanywa tangu utotoni meno yake huota na madoa ya kahawia. Na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja. Hukumu ya tohara ni moja, na uchunguzi wa madhara ni mwingine, na Muislamu atakiwa kuyajua yote mawili.

Turudi msituni. Je, mvua hiyo huuaje mti? Wengi hudhani huuchoma majani kama moto. Mara chache huwa hivyo, lakini madhara makubwa hufanyika chini, udongoni, polepole, kwa miaka mingi. Udongo mwema ni ghala. Ndani yake mna kalsiamu, ile iliyomo katika chokaa na katika maziwa; mna magnesiamu, mna potasiamu. Mizizi huchota humo kidogo kidogo. Mvua ya tindikali ikiingia, huyafungua madini hayo kutoka katika chembe za udongo na kuyachukua hata kijitoni, na kijito huyapeleka mbali. Ghala linapokaribia kuisha, tindikali huanza kuifungua alumini, ambayo imelala katika kila udongo pasipo kumdhuru yeyote maadamu imefungwa. Ikifunguliwa huwa sumu kwa mizizi. Na ikifika kijitoni huganda kwenye matamvua ya samaki, samaki akakosa pumzi ndani ya maji. Mti wenyewe hauanguki siku hiyo. Hudhoofika tu, kama mtu aliyekosa chakula bora. Kisha ukija ukame, au baridi kali, au wadudu, ndipo unapokufa, na watu husema umeuawa na wadudu.

Katika miaka ya 1970 na 1980 misonobari ilikufa namna hii juu ya milima ya mpakani ambapo Wacheki, Wajerumani na Wapolandi wanapakana, kwa maelfu ya hekta. Mataifa yakashtuka. Mwaka 1979 yalitia sahihi mkataba mjini Geneva juu ya moshi uvukao mipaka, na mwaka 1990 Marekani ikaikaza sheria yake. Moshi wa salfa ulipungua sana katika nchi hizo, na huo ni ushahidi kwamba binadamu wakiafikiana huweza. Lakini udongo haukupona kwa upesi ule ule. Huko Marekani, katika msitu wa Hubbard Brook wa jimbo la New Hampshire, wataalamu, akiwamo Gene Likens, walianza mwaka 1963 kupima mvua inayoingia na maji yanayotoka vijitoni. Walikuta kwamba hata mvua ilipoanza kutengemaa udongo ulikuwa umekwisha pungukiwa na kalsiamu. Mwaka 1999 walimwaga madini yenye kalsiamu kwa helikopta juu ya bonde moja zima, kwa kurudisha kile kilichochukuliwa, na miti ya bonde hilo ikapata afya kuliko ya jirani. Madini hayo yalipaswa kumwagwa kwa ndege, kwa sababu msitu hauwezi kutiliwa mbolea kwa jembe.

Sasa huenda msomaji akauliza, je, katika nchi zetu hizi mvua hiyo haipo? Ipo, lakini si pale tuliposema sisi. Wenzetu wa Kivu, Waswahili wa Kongo, wanaijua vizuri mno. Juu ya mji wa Goma umesimama mlima Nyiragongo, wenye ziwa la moto. Tarehe 17 Januari 2002 lava yake iliingia mjini. Na katika miaka iliyofuata mlima uliendelea kutoa moshi wenye salfa kwa wingi wa ajabu. Mvua iliyopita katika moshi ule ilichoma majani ya mazao ya wakulima walio upande wa upepo, na maji yaliyokingwa mapaani yakawa makali, nayo ndiyo maji yao ya kunywa, kwa kuwa jiwe la lava halishiki visima. Huko hapana kiwanda cha kulaumiwa. Uganda nako, mgodi wa shaba wa Kilembe karibu na Kasese ulianza kutoa shaba mwaka 1956, na mabaki ya mawe yenye salfa yakaachwa juani. Mvua ikiyanyeshea, maji yanayotoka huwa tindikali, na ukanda wa ardhi yalipopita kuelekea Hifadhi ya Malkia Elizabeth ukawa mtupu, hauoti jani. Hiyo si mvua ya tindikali kwa jina, lakini matokeo yake ni ya ukoo mmoja.

Na Ngorongoro? Hapa ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa kinyume kabisa, kama mtu aliyeelekezwa kaskazini akashika njia ya kusini. Ngorongoro hapana tanuri kubwa la makaa ya mawe ambalo upepo ungeuchukua moshi wake ukauleta juu ya milima yetu. Na hata tindikali kidogo ingekuja, ingekutana na nini? Ingekutana na magadi. Kaskazini mashariki ya kreta uko mlima Oldoinyo Lengai, ambao hapana mwingine duniani uliojulikana katika zama zetu kutoa lava ya namna yake: lava nyeusi, nyepesi kama matope, yenye magadi ndani yake, ambayo ikipata unyevu hugeuka nyeupe kama chokaa. Ulitoa majivu mengi mwaka 1966, na tena mwaka 2007, mitetemeko yake ikasikika mbali. Majivu ya milima hii, ya zamani na ya karibuni, yametapakaa katika nchi yote. Nyanda za Serengeti zilizo magharibi ya Ngorongoro hazina miti kwa sababu majivu hayo yaliganda chini ya nyasi yakafanya tabaka gumu lisilopenywa na mizizi. Na nyasi zile zile hunenepesha nyumbu kwa kuwa majivu yana kalsiamu tele. Rehema kwa mnyama na kizuizi kwa mti, katika kitu kimoja.

Basi migunga ya Lerai haikuuawa na uchachu. Mwaka 2006 mtaalamu aitwaye A. J. Mills alichapisha uchunguzi wake juu ya vifo hivyo, akaeleza kwamba udongo wa mahali miti ilipokufa ulikuwa na chumvi na sodiamu kupita kiasi inachoweza kuvumilia migunga hiyo. Sakafu ya kreta ni bakuli lisilo na mlango. Maji yaingiayo hayatoki ila kwa kukaushwa na jua, nayo yakikauka huacha chumvi yake. Ndiyo maana ziwa la katikati likaitwa Magadi. Lerai imesimama karibu na ziwa hilo, na uhai wake unategemea maji matamu ya kijito kiteremkacho kutoka misitu ya upande wa kusini. Maji hayo yakiwa mengi huisukuma chumvi iende chini na ziwani. Yakipungua, au yakipotezwa njia, chumvi hupanda kwenye mizizi. Sehemu ya maji ya huko juu huchotwa na watu kabla hayajafika bondeni, kwa mahoteli na makazi ya ukingoni. Na kila ndoo ina haja yake, lakini kila ndoo ni pungufu kwa Lerai.

Namna chumvi inavyoua mti si vigumu kufahamu kwa aliyepata kutengeneza kachumbari. Mama akikata vitunguu akavinyunyizia chumvi, baada ya kitambo kidogo huona maji yamejaa bakulini, wala hakutia maji. Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya kitunguu. Mzizi ukiwa katika udongo wa chumvi hufanyiwa hivyo hivyo. Mti hufa kwa kiu na huku umesimama katika majimaji. Na sodiamu huuharibu udongo wenyewe, ukaziba vitundu vyake, ukawa utelezi wakati wa mvua na jiwe wakati wa kiangazi. Tindikali huiba kilicho chema, na magadi hulundika kilicho kibaya. Na anayeichukua tindikali, kama anayeyachukua magadi, ni yule yule, maji.

Hatutaki tena kutoa jawabu la haraka, kwa hiyo lazima tuseme kwamba chumvi si mshitakiwa peke yake. Tembo dume hupenda Lerai, hubandua magome, na hula miche ambayo ingeshika nafasi ya wazee. Na migunga hiyo huota kwa rika, mingi kwa mara moja, ikazeeka pamoja kama watu waliotahiriwa mwaka mmoja. Jirani zetu wa Amboseli, Kenya, walipatwa na msiba kama huu. Mwaka 1973 David Western na mwenzake Claude van Praet waliandika kwamba migunga ya Amboseli ilikufa kwa sababu maji ya chini ya ardhi yalipanda na kuleta chumvi kwenye mizizi. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiwalaumu Wamasai na tembo. Jambo hilo lilishikwa likawa kama yakini. Lakini Western hakuacha kuchunguza. Alizungushia ua sehemu za ardhi ili tembo wasiingie, akangoja miaka, na mwaka 2004, pamoja na David Maitumo, akachapisha matokeo ya miaka 20: ndani ya ua miti ilirudi. Basi Amboseli, tembo walikuwa na sehemu kubwa kuliko chumvi. Tulipoyasoma hayo tulipata faraja kidogo, kuona bingwa kama yule akijisahihisha kwa maandishi mbele ya walimwengu wote, naye hakufa kwa aibu.

Tukitaja makosa ya haraka tusiwasahau Wazungu wa kwanza, walioiita migunga hiyo miti ya homa, kwa kuwa aliyepiga kambi chini yake aliamka akitetemeka. Mti ule hupenda majimaji, na majimaji hupendwa na mbu. Mti ulibeba lawama ya mbu, na jina hilo unalo hata leo katika vitabu vyao.

Sasa tuje kwetu, maana Lerai iko bondeni na sisi tuko ng'ambo ya pili ya ukingo, lakini msitu ulio juu ni mmoja. Msitu wa hifadhi wa nyanda za juu za kaskazini umelala juu ya miteremko ya kusini na mashariki, kati ya kreta na mashamba ya Karatu. Asubuhi ukungu huushika. Ndevu za kijani zilizoning'inia matawini huuchuja, na matone huanguka chini hata siku isiyo na mvua. Maji hayo hupenya udongo mwekundu, yakazuka chini katika chemchemi na vijito ambavyo Wairaki na watu wa kila kabila waliohamia Karatu wanavitegemea kwa nyumba, kwa kahawa na kwa ng'ombe. Kwenye njia ya maporomoko ya Endoro yapo mapango yaliyochimbwa na tembo kwa pembe zao, wakitafuta udongo wenye madini ya chumvi. Mnyama asiyesoma anajua ni udongo gani autakao.

Msitu ukikatwa, mvua haigeuki kuwa tindikali. Inakuja vile vile, safi. Lakini haingojwi na mtu wa kuipokea. Huteremka kwa kasi, ikachukua udongo, na kijito hukauka mapema katika kiangazi. Na huko chini kabisa, upande wa Mang'ola wanakolima vitunguu kwa maji ya chemchemi, na ziwa Eyasi lenye chumvi likiwatazama, maji matamu yakipungua hakuna anayehitaji kuelezwa ni nani atakayesogea. Hii ndiyo tofauti ya jawabu letu la kwanza na la pili. Lile la kwanza lilikuwa na mshitakiwa wa mbali asiyefikika, na kwa sababu hiyo lilimpa kila mtu ruhusa ya kuketi. La pili linabisha hodi nyumbani. Katika Sura ya 56, Al-Waaqia, mna ukumbusho juu ya maji ya mvua na uwezo wa Mola wa kuyageuza yasinyweke. Tumeisoma sura hiyo tangu utoto wetu, na tukiri kwamba hatukuwa tumeifikiria kijitoni.

Neno moja kwa kina mama wanaokinga mvua mapaani: haina haja ya kuiogopa kwa sababu ya tindikali, hapa Karatu. Lakini mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi, majivu na mavi ya ndege, basi na iachwe ipite kabla ya kuelekeza mfereji kwenye pipa. Kwa maji ya kisima kipya, kabla watoto hawajazoea kuyanywa, yapelekwe kupimwa floridi. Macho na ulimi havitaiona.

Baada ya kusoma yote hayo tuliwakusanya wanafunzi tukawaambia kwamba Maalim alikosea kule Lerai, na tukawaeleza kwa nini. Yule kijana aliyeuliza akainua mkono, akasema, "Maalim, nani atamwambia babu?" Kwa kuwa mzee mwenye miti saba alikuwa babu yake. Tukaenda sote jioni ile ile. Mzee alitusikiliza hata mwisho, akatutazama, akasema, "Maalim, mimi nimekuelewa. Lakini mbao nimekwisha uza." Kisha akaongeza kwamba alikusudia kupanda mikaratusi ukingoni, kwa kuwa hukua upesi. Tukamwomba asipande, kwa sababu mikaratusi ni minywaji, na kijito chenyewe ni chembamba. Tulibishana mpaka adhana ya magharibi. Mwishowe alikubali mikuyu, kwa sharti kwamba miche tuilete sisi na mashimo wachimbe wanafunzi wetu, kwa kuwa, kama alivyosema, deni ni la aliyekopa.

Tulipanda mikuyu saba mahali pa ile saba. Sita imeshika, na mkubwa wake sasa unamfikia mtu mzima kifuani. Wa saba ulitafunwa na mbuzi. Na mbuzi mwenyewe, twakiri, ni wetu.